Muulize Fundi: Chapa ya Nyumbani, Mwenyewe Ng'ambo

Toleo lililopita nilikuwa naeleza historia ya rimoti, nikataja kwa kupita tu kwamba Zenith, kampuni ya Chicago iliyotoa rimoti ya kwanza isiyo na waya mwaka 1955, siku hizi ni mali ya LG ya Korea Kusini. Sentensi hiyo moja imeleta barua nyingi kuliko maelezo yote ya rimoti. Wapo walioshtuka, wapo waliokasirika, na wachache wameniuliza kwa upole kama nina uhakika. Ninao. Mwezi huu nimeyaweka kando maswali ya nyaya na sauti zinazokatika ili nijibu haya, kwa sababu wanaouliza wanataka kujua pesa zao wamempa nani, na hilo ni haki yao.

Shikamoo Fundi. Marehemu baba yangu aliishi Marekani miaka mingi na hakukubali kununua televisheni yoyote isipokuwa RCA. Alisema ni ya Wamarekani na inawapa Wamarekani kazi. Je, alikuwa sahihi? Na leo RCA ni ya nani?
*Kitinda mimba*

Marahaba mwanangu, na Mungu amrehemu mzee. Alisema mambo mawili kwa pumzi moja, na katika historia ya RCA mambo hayo mawili yaliachana mapema. Nitayajibu moja moja.

Tuanze na umiliki. RCA iliundwa mwaka 1919 kwa hofu ileile aliyokuwa nayo baba yako. Siku hizo mawasiliano ya redio ya Marekani yalishikwa kwa sehemu kubwa na tawi la kampuni ya Marconi ya Uingereza, na Jeshi la Wanamaji la Marekani halikutaka mitambo ya aina hiyo itolewe maamuzi London. General Electric (GE) ikahimizwa ilinunue tawi hilo, na katika ununuzi huo ndimo ilimozaliwa Radio Corporation of America. Kanuni zake zilisema wazi kwamba wageni wasishike zaidi ya asilimia 20 ya hisa. Kuwazuia wageni ndiko kulikoifanya iwepo.

Mwaka 1932 serikali iliitenganisha RCA na General Electric kwa kuogopa ukiritimba. Ikasimama peke yake zaidi ya nusu karne. Kisha Desemba 1985 General Electric ikatangaza kuinunua tena, kwa zaidi ya dola bilioni 6. Kilichotamaniwa hasa kilikuwa NBC, shirika la utangazaji lililokuwa chini ya RCA. Televisheni zenyewe hazikumvutia Jack Welch, mkuu wa General Electric wa wakati huo. Mwaka 1987 aliafikiana na Thomson ya Ufaransa: Thomson ichukue biashara ya televisheni za RCA pamoja na zile za GE, na General Electric ipewe biashara ya Thomson ya mashine za hospitali, na fedha taslimu juu yake. Thomson yenyewe wakati huo ilikuwa mali ya serikali ya Ufaransa. Kwa hiyo kampuni iliyoundwa ili Waingereza wasiishike, televisheni zake zikaishia mikononi mwa serikali ya Ufaransa, na mnunuzi aliyesimama mbele ya seti dukani hakuona hata herufi moja iliyobadilika.

Sasa kazi. RCA ilifungua kiwanda Bloomington, Indiana, mwaka 1940, na kuanzia 1949 kikawa kinatoa televisheni. Lakini mwishoni mwa miaka ya 1960, RCA ikiwa bado ya Wamarekani mia kwa mia, ilianza kupeleka kazi Ciudad Juárez, Meksiko, na baada ya hapo Taiwan. Wafaransa walipoichukua hawakuifunga Bloomington mara moja. Waliendelea kuunganisha televisheni pale zaidi ya miaka kumi, mpaka mwaka 1998 kiwanda kilipofungwa, wafanyakazi zaidi ya 1,000 wakapoteza ajira, na kazi yao ikahamia Juárez.

Ukiyaweka pamoja unapata hivi. Kama baba yako alinunua seti yake mwaka 1975, pesa zilikwenda kwa kampuni ya Kimarekani ambayo sehemu ya kazi yake ilishakuwa nje. Kama alinunua mwaka 1992, zilikwenda kwa Wafaransa, na huenda mikono iliyoiunganisha seti ile ilikuwa ya watu wa Indiana. Mzee hakukosea kujali. Aliyemkosea ni yule aliyeacha kumwambia.

Kuhusu leo: Thomson iliiunganisha biashara yake ya televisheni na TCL ya China mwaka 2004, ikajiita Technicolor mwaka 2010, na mwaka 2022 ikaiuza alama ya RCA kwa Talisman Brands, kampuni ya Marekani ambayo kazi yake ni kumiliki majina na kuyakodisha. Kwa maana hiyo RCA imerudi nyumbani. Kilichorudi ni zile herufi tatu. Bloomington haikurudi, wala maabara haikurudi, na televisheni zenye herufi hizo zinatengenezwa na yeyote aliyelipia leseni.

Fundi, sielewi. Kampuni kubwa ya kigeni ikishainunua kampuni ya nyumbani, kwa nini haifuti jina la zamani na kuandika la kwake? Je, ni kuona haya?
*Msomaji wa siku nyingi*

Si haya, ndugu yangu, ni hesabu. Jina ambalo watu wamelizoea tangu utotoni huchukua miongo kulijenga, na kulinunua ni rahisi kuliko kulijenga. Mwaka 2016 Haier ya China iliponunua biashara ya friji, majiko na mashine za kufulia ya General Electric, kwa bei ya awali ya dola bilioni 5.4, mkataba uliipa ruhusa ya kuendelea kutumia jina la GE kwa miaka 40. Miaka 40! Mtoto aliyezaliwa siku ile atakuwa na watoto wake kabla Haier haijalazimika kuubadilisha mlango wa friji.

Mara nyingine kuna sababu ya kisheria. Philips ya Uholanzi ilikaa miaka mingi Marekani bila kuweza kutumia jina lake kwenye redio na televisheni, kwa kuwa Philco, kampuni ya redio ya Kimarekani, ilikuwepo na majina yalifanana mno. Ikabidi iuze kwa jina la Norelco. Mwaka 1974 ikainunua Magnavox, kampuni iliyokuwa imetoa Odyssey, mashine ya kwanza ya michezo ya video ya nyumbani, miaka miwili kabla. Mwaka huohuo wa 1974 Matsushita ya Japani ilichukua biashara ya televisheni ya Motorola, ile iliyouzwa kwa jina la Quasar. Mwaka 1981 Philips ikanunua televisheni za Sylvania na Philco, na kizuizi cha jina kikaondoka kwa sababu mwenye kuzuia ameshanunuliwa.

Mimi sina ugomvi na anayenunua jina pamoja na kiwanda, wahandisi na ghala la vipuri. Haier iliendelea na viwanda vya Louisville, Kentucky, vilivyojengwa na General Electric mwanzoni mwa miaka ya 1950, na imeviongezea mtaji. Mwenyewe ni mgeni, kazi imebaki, fundi bado anapata vipuri. Ugomvi wangu ni na jina linalotolewa peke yake, likaachana na watu waliolipa heshima. Nitalirudia hapo chini kwa msomaji mwenye Toshiba.

Fundi, mimi ni mtu wa chama cha wafanyakazi na nimesoma sentensi yako ya Zenith nikaona unaisema kwa utulivu mno. Wajapani na Wakorea waliviua viwanda vya Marekani kwa bei za kutupa, halafu wakavuna majina ya maiti. Kwa nini huwaambii wasomaji hivyo?
*Mwenye kadi ya chama*

Sina utulivu wowote kuhusu Zenith, ndugu yangu. Ndiyo maana nataka tuisimulie yote, pamoja na vipande visivyotupendeza mimi na wewe.

Malalamiko ya bei za kutupa yalikuwa na msingi. Mwaka 1971 serikali ya Marekani ilithibitisha kwamba televisheni za Japani ziliuzwa Marekani kwa bei ya chini isiyo halali kuliko zilivyouzwa kwao. Zenith ilikwenda mahakamani mwaka 1974 ikidai kampuni za Japani zimekula njama ya kuiangamiza. Kesi ilivutana miaka kumi na miwili. Mwaka 1986 Mahakama ya Juu ya Marekani, kwa kura tano dhidi ya nne, ilisema njama ya namna hiyo, ya kukubali hasara miaka na miaka kwa kutumainia faida ya baadaye, haingii akilini. Ninawajua watu ambao hawajausamehe uamuzi huo mpaka leo.

Lakini tazama nani alimfukuza nani kazini. Septemba 1977 Zenith, ikiwa kampuni ya Kimarekani kuanzia mlinzi mpaka mwenyekiti, ilitangaza kuwaondoa wafanyakazi zaidi ya 5,000 na kuhamishia kazi Meksiko na Taiwan. Mwaka huohuo Marekani na Japani zilikubaliana kwamba Japani isipeleke Marekani televisheni za rangi zaidi ya milioni 1.75 kwa mwaka, kwa miaka mitatu. Matokeo yake? Wajapani wakajenga ndani. Sony ilishatangulia San Diego mwaka 1972. Sanyo ikaenda Forrest City, Arkansas. Toshiba ikaenda Lebanon, Tennessee. Sharp ikaenda Memphis. Kwa miaka kadhaa televisheni yenye jina la Kijapani ikawa na uwezekano mkubwa wa kuunganishwa na Mmarekani kuliko nyingine zenye majina ya Kimarekani. Baadaye, miaka ya 1990, kampuni hizohizo nazo zikavuka mpaka kwenda Meksiko, kufuata mishahara ya chini kama Wamarekani walivyofanya kabla yao. Aliyefunga lango la kiwanda alikuwa na pasipoti za nchi nyingi.

Kuna na makosa ya ndani ambayo chama chako hakikuyafanya, na ambayo wafanyakazi waliyalipia. Mwaka 1958 RCA ililazimishwa na serikali kuziachia kampuni nyingine za Marekani hataza zake, yaani haki za kisheria za uvumbuzi wake, za televisheni ya rangi bila malipo. Ikabaki na njia moja ya kupata fedha kutokana na uvumbuzi wake: kuwauzia leseni wageni. Ikafanya hivyo kwa bidii, na wanunuzi wakubwa walikuwa Wajapani. Zenith nayo, katika miaka ya 1960, ilijisifu kwenye matangazo kwamba seti zake zimeunganishwa nyaya kwa mkono. Nazijua kazi za namna ile na nawaheshimu waliozifanya, zilikuwa nadhifu kweli. Lakini wenzao walikuwa wanahamia kwenye transista na bodi zilizochapwa, ambazo hazikuhitaji mikono ile wala nusu ya muda wake, na ambazo hazikurudi kwa fundi mara kwa mara.

Sasa nifike panaponiuma. Mwaka 1991 LG, wakati huo ikijiita Goldstar, ilinunua asilimia 5 ya Zenith. Mwaka uliofuata kiwanda cha Springfield, Missouri, kikafungwa na kazi ikaenda Meksiko. Mwenye hisa nyingi bado alikuwa Mmarekani. Mwaka 1995 LG ikachukua zaidi ya nusu ya kampuni, na mwaka 1999 Zenith ikaomba ulinzi wa sheria ya kufilisika, ikatoka humo ikiwa mali ya LG yote.

Katikati ya anguko hilo, wahandisi wa Zenith walikuwa wanafanya kazi bora kuliko zote walizowahi kufanya. Namna yao ya kubeba picha ya dijitali kwenye mawimbi ya hewani ndiyo iliyoingizwa katika kiwango cha televisheni ya dijitali cha Marekani, kilichopitishwa Desemba 1996. Maana yake, kila televisheni iliyotengenezwa kupokea matangazo hayo ilipaswa kulipia hataza za Zenith, na hataza hizo zilikuwa za mwenye Zenith. LG ilivuna ada hizo miaka mingi. Walionunua seti ya Sony, ya Samsung, ya jina lolote, walichangia.

Ukiniuliza umiliki wa kigeni una uzito wapi, nakuonyesha hapo. Watu hutazama kiwanda cha kuunganisha kwa sababu kina geti, basi la wafanyakazi na king'ora. Kiwanda huhama kila mishahara inapohama, awe mwenyewe Mmarekani, Mfaransa au Mjapani. Maabara na hataza ndivyo vinavyoamua fedha zitamiminikia wapi kwa miaka ishirini ijayo, na hivyo huuzwa kimyakimya, siku moja, chumbani, bila mtu kuandamana. Chama cha wafanyakazi kinachotaka kupigania kitu, kianze kuuliza maswali siku mgeni anaponunua asilimia 5.

Hujambo Fundi. Nina friji ya Toshiba, televisheni ya Toshiba na kompyuta ya mkononi ya Toshiba ya zamani kidogo. Nilidhani nikiwa na jina moja nitakuwa na pa kulalamikia pamoja. Nimepiga simu tatu, nimeambiwa mara tatu kwamba hapa si mahali pake. Toshiba wenyewe wako wapi?
*Mama wa watoto wanne*

Sijambo dada, pole kwa kuzungushwa. Una jina moja na kampuni tatu, na hakuna hata moja kati ya hizo tatu iliyo chini ya Toshiba.

Mwaka 2015 iligundulika kwamba Toshiba ilikuwa imepandisha faida zake kwenye vitabu kwa miaka. Juu ya hilo ikabebeshwa hasara kubwa ya Westinghouse, kampuni ya Kimarekani ya mitambo ya nyuklia iliyoinunua mwaka 2006, ambayo mwaka 2017 iliomba ulinzi wa kufilisika. Toshiba ikahitaji fedha haraka, ikaanza kuuza vyumba vya nyumba yake kimoja baada ya kingine. Friji na mashine za kufulia zilikwenda mwaka 2016 kwa Midea ya China, iliyochukua asilimia 80.1. Televisheni zikafuata: Hisense, ya China pia, ilichukua asilimia 95 ya kampuni ya televisheni, mauzo yaliyotangazwa Novemba 2017 na kukamilika mwaka 2018. Kompyuta za mkononi zikachukuliwa mwaka 2018 na Sharp ya Japani, zikaja kuitwa Dynabook. Ungedhani hizo angalau zimebaki kwa Wajapani, lakini Sharp yenyewe ilishanunuliwa mwaka 2016 na Foxconn ya Taiwan, iliyotwaa asilimia 66 ya hisa.

Kwa hiyo friji yako ni swali la Midea, kompyuta ni swali la Dynabook, na televisheni inategemea umeinunua wapi na lini, kwa kuwa hata kabla ya Hisense jina la Toshiba lilikuwa limekodishwa sehemu mbalimbali. Ulaya, kwa mfano, seti nyingi zenye jina hilo zimetoka kwa Vestel ya Uturuki, ambayo hutengeneza televisheni kwa majina mengi kuliko yanavyokumbukika. Mimi nimefungua migongo ya seti mbili zenye majina ya nchi mbili tofauti, nikakuta bodi ni ileile, skrubu zilezile, na kibandiko cha kiwanda kilekile. Wamiliki wao walikuwa wakibishana ipi ina picha nzuri.

Usidhani ni Toshiba peke yake. Philips, ambayo nimeitaja juu ikinunua majina ya Wamarekani, nayo iliyaachia ya kwake. Televisheni zake ziliingizwa mwaka 2012 katika ubia ulioongozwa na TPV, kampuni yenye mizizi Taiwan na viwanda China, na kufikia 2014 TPV ikashika zote. Mwaka 2021 Philips ikauza na vyombo vya nyumbani, pasi na mashine za kahawa zote, kwa Hillhouse, kampuni ya uwekezaji ya Asia, kwa takriban euro bilioni 3.7, na ruhusa ya kutumia jina kwa miaka 15. Philips yenyewe imebaki zaidi na mashine za hospitali, kilekile General Electric ilichokichagua mwaka 1987. Grundig ya Ujerumani ilifilisika mwaka 2003, leo iko chini ya Koç ya Uturuki.

Wenye majina wenyewe huumia nayo. Mwaka 2015 Sharp iliipa Hisense leseni ya kuuza televisheni kwa jina lake katika nchi za Amerika, pamoja na kiwanda chake cha Meksiko. Miaka miwili baadaye Sharp ilikwenda mahakamani ikidai jina lake linawekwa kwenye seti duni, dai ambalo Hisense ililikana. Kesi iliondolewa na baadaye leseni ikarudi kwa Sharp. Hebu fikiria: mwenye jina anakwenda kwa hakimu kuomba asiaibishwe na jina lake mwenyewe. Ikiwa yeye, pamoja na mawakili wake, ilimchukua muda, wewe mwenye simu moja na watoto wanne utafanyaje?

Ndiyo maana nasema bila kuuma maneno: jina la aliyetengeneza na anayebeba dhamana liandikwe mbele ya boksi, kwa herufi za ukubwa uleule wa jina la kukodi. Leo huandikwa ukurasa wa mwisho wa kijitabu, kwa maandishi ambayo hata mimi mwenye miwani ya kazi nayatafuta kwa taa.

Mume wangu anabisha kwamba Panasonic ni ya Wamarekani kwa sababu jina lake si la Kijapani. Tafadhali tumalizie ubishi.
*Wawili sebuleni*

Ni ya Wajapani tangu mwanzo, mama. Kampuni ilianzishwa Osaka mwaka 1918 na Konosuke Matsushita. Nyumbani iliuza kwa jina la National, lakini Marekani jina hilo lilikuwa limeshasajiliwa na wengine, ikabidi itumie Panasonic, jina ililoanza nalo mwaka 1955 kwenye spika za kuuza nje. Mwaka 2008 kampuni nzima ikajiita Panasonic. Mwambie mzee kwamba hoja yake ina mantiki, maana jina lilichaguliwa kwa ajili ya soko la nje.

Fundi, mimi sitaki historia. Nataka kununua televisheni. Nitajuaje, kabla ya kulipa, nani yuko nyuma ya jina?
*Mwenye haraka*

Historia ndiyo iliyokufanya uulize swali zuri, lakini sawa, twende kwenye boksi.

Usiulize kwanza "ni ya nchi gani". Swali hilo lina majibu manne kwa seti moja. Kioo kinatoka kwa mmoja wa watengenezaji wachache, kama BOE na TCL CSOT wa China, AUO na Innolux wa Taiwan, au LG Display wa Korea Kusini. Hata Samsung iliacha kutengeneza vioo vyake vya LCD mwaka 2022 na hununua kwa wengine. Bodi inatoka kwingine, inaunganishwa pengine, na jina linamilikiwa mahali pa nne. Muulize muuzaji nani anabeba dhamana, na mwambie aliandike kwenye risiti, jina la kampuni na si la chapa. Muuzaji asiyejua jibu amekupa jibu.

Kisha geuza seti au boksi utafute kibandiko cha nyuma. Katika nchi za Umoja wa Ulaya sheria inataka jina na anwani ya mtengenezaji viwepo, na za mwingizaji pia kama bidhaa imetoka nje. Ukiona jina la mbele na jina la nyuma hayalingani, hujaibiwa, umefahamishwa. Kwa vifaa vinavyouzwa Marekani, vile vyenye mawasiliano ya redio kama Wi-Fi vina namba ya kitambulisho cha FCC, mamlaka ya mawasiliano ya Marekani. Herufi na tarakimu zake za mwanzo humtambulisha aliyeomba idhini, na hifadhi ya FCC iko wazi kwa yeyote mwenye intaneti. Usishangae ukikuta mwombaji ni mtengenezaji wa moduli ya Wi-Fi tu. Hapo rudi kwenye kijitabu, tafuta mstari unaosema jina limetumika kwa leseni ya fulani. Mstari huo ukiwepo, anayetajwa kama mwenye alama mara nyingi siye utakayempigia simu.

Uliza na leseni inaisha lini, kama kuna wa kukujibu. Leseni ikihamia kwa mwingine, yule mpya kwa kawaida hujibu seti alizouza yeye. Wewe unabaki na yule wa zamani, ambaye huenda ameshafunga ofisi.

Na uliza vipuri. Kanuni za Ulaya zilizoanza kutumika Machi 2021 zinamtaka anayeingiza televisheni sokoni ahakikishe vipuri vya msingi, kama bodi ya umeme, vinapatikana kwa mafundi kwa angalau miaka saba baada ya seti ya mwisho ya aina hiyo kuuzwa, na programu zake kwa miaka minane. Wajibu huo umewekwa juu ya mtengenezaji au mwingizaji, yeyote ambaye jina lake liko kwenye kibandiko. Kama uko mahali pasipo na sheria ya namna hiyo, muulize muuzaji akuonyeshe bodi ya umeme au rimoti ya seti ya miaka mitatu iliyopita ya jina lilelile. Akiweza kuiagiza mbele yako, nunua kwa moyo mweupe, awe mwenyewe Mkorea, Mturuki, Mchina au Mmarekani. Asipoweza, jina lililo mbele halitakusaidia.

Ukishanunua, piga picha kibandiko cha nyuma kabla hujaitundika ukutani, uihifadhi pamoja na picha ya risiti. Barua nyingi ninazopata zinakosa namba ya modeli kwa sababu seti imeshafungwa ukutani na mwenyewe hawezi kuifungua.